Sukari Kushuka Baada ya Kula: Barua Zenu na Majibu

Shikamooni wataalamu. Nina miaka 34 na sina kisukari. Kila nikila chakula cha mchana, saa tatu baadaye natokwa jasho, mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio. Nimeambiwa ni haipoglaisemia ya baada ya kula. Sielewi: nimetoka kula, sukari inaishaje? Au ndiyo kisukari kinaanza?

Marahaba. Sukari haikuisha kwa kukosa chakula. Iliondolewa kwenye damu upesi mno. Ukila wanga, hugeuka glukosi na kuingia kwenye damu, na kongosho hutoa insulini ili glukosi hiyo iingie kwenye misuli na ini. Kwa baadhi ya watu insulini huchelewa kutoka, kisha hutoka nyingi kuliko mahitaji. Wakati tumbo limeshamaliza kupeleka chakula, insulini bado iko kazini. Ndiyo maana dalili huja kati ya saa 2 na saa 5 tangu kula, wala si ukiwa bado mezani.

Jasho, mtetemeko na moyo kwenda mbio husababishwa na adrenalini, homoni ambayo mwili huimwaga ili kuliamsha ini litoe akiba yake ya sukari. Dalili za ubongo kukosa sukari ni nyingine: kuchanganyikiwa, maneno kukwama, macho kuona ukungu, kufanya mambo usiyoyakumbuka baadaye. Hizo zina uzito zaidi, na ukizipata mwambie daktari wako waziwazi.

Kuhusu kisukari: hali hii si kisukari. Ila kwa watu kadhaa, insulini inayochelewa ni dalili ya mapema kwamba mwili umeanza kuwa sugu kwa insulini. Pima sukari ukiwa hujala walau mara moja kwa mwaka, hasa kama ndugu zako wa damu wana kisukari. Kipimo cha HbA1c kitakuonyesha wastani wa miezi mitatu hivi, kwa hiyo usitegemee kikuonyeshe kushuka kwa dakika 40.

Nilipewa maji ya glukosi ninywe, nikapimwa kwa saa 5. Saa ya nne ilisoma 2.9 mmol/L. Je, hapo imethibitika?

Bado, na hapa tunaomba msikilize kwa makini, maana watu wengi hubebeshwa jina la ugonjwa kwa kipimo hiki kimoja.

Gramu 75 za glukosi tupu, zikinywewa kwa dakika chache, si chakula cha mtu yeyote. Watu wazima wenye afya njema, wasio na dalili yoyote, wapo wanaoshuka chini ya 3.0 baada ya kunywa maji hayo. Mwongozo wa 2009 wa Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni, unaelekeza kipimo cha mlo wa kawaida badala yake. Unakula mlo ule ule unaokuletea shida, damu inachukuliwa kabla ya kula, kisha kila dakika 30 hadi saa 5. Wewe unaandika dalili zako na saa zilipoanza kabla hujaambiwa namba.

Kinachotafutwa ni mambo matatu kwa pamoja, yanayoitwa utatu wa Whipple kwa jina la daktari wa upasuaji Allen Whipple: dalili zipo, sukari ya damu imepimwa muda huo huo ikawa chini (kwa asiye na kisukari, chini ya 3.0 mmol/L, yaani 55 mg/dL), na dalili zinaondoka sukari ikipandishwa. Likikosekana moja, tafuteni sababu nyingine. Dalili zikiwepo na sukari ikasoma 4.6, mateso yako ni ya kweli kabisa, lakini chanzo chake si sukari kushuka. Huenda ni wasiwasi, kahawa nyingi, upungufu wa damu, tezi ya shingo au mapigo ya moyo yasiyo sawa.

Uliza pia damu yako ilihifadhiwaje. Chembe za damu huendelea kula glukosi ndani ya chupa, hivyo sampuli iliyokaa saa mbili mezani bila kutenganishwa husoma chini kuliko ukweli. Inatakiwa chupa yenye floraidi, kemikali ya kuzuia hilo, na ipelekwe maabara mapema.

Mashine ya nyumbani inafaa kukupa dokezo, si kuthibitisha. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha 2013 kinaruhusu ikosee hadi 0.83 mmol/L sukari ikiwa chini ya 5.6. Kwa hiyo ikisoma 3.3, huenda ukweli ni 2.5, huenda ni 4.1. Nawa mikono kwa sabuni na ukauke kabla ya kujichoma. Utomvu wa tunda kidoleni hupandisha namba. Na pima kabla ya kutia kitu mdomoni. Ukishakula, ushahidi umekwenda.

Nikitetemeka nakunywa soda chupa nzima. Napata nafuu mara moja, lakini baada ya saa mbili hali inarudi vile vile.

Hiyo soda ndiyo inayoirudisha. Chupa ya mililita 500 huwa na sukari kama gramu 50, na kongosho huijibu kwa wimbi jingine la insulini. Unachohitaji ni gramu 15 tu: vijiko vya chai 4 vya sukari, vilivyosawazishwa, katika maji, au mililita 150 za juisi. Kaa chini, subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado chini ya 3.9, kunywa tena kiasi kile kile cha sukari. Ikishapanda, kula kitu kidogo chenye protini na wanga kiasi, kama yai na kipande kimoja cha mkate, au mtindi usiotiwa sukari pamoja na karanga. Hatua hii ya mwisho ndiyo watu huiruka, kisha wanashangaa kuanguka tena.

Chokoleti usiitegemee, mafuta yake huchelewesha sukari kuingia. Na ukitetemeka huku mashine inasoma 4.5, usile sukari kabisa, kula hicho kitafunwa chenye protini. Usiendeshe gari mpaka sukari irudi na zipite dakika 45, kwa sababu ubongo huchelewa kupata nafuu kuliko damu. Mtu aliyepoteza fahamu asiwekewe chochote mdomoni: mlaze ubavu, ita msaada.

Nimeacha wanga wote. Nimekonda na sina nguvu. Nitakula hivi maisha yote?

Hapana, dada, na hukulazimika kuacha. Tatizo ni kiasi na kasi. Anza na gramu 30 hivi za wanga kwa mlo (vipande viwili vya mkate, au theluthi mbili za kikombe cha wali uliopikwa) na gramu 15 kwa kitafunwa, ukila kila baada ya saa 3 au 4. Mboga na samaki, nyama, mayai au maharage vitangulie, wali uje mwisho. Mpangilio huo peke yake hupunguza kilele cha sukari. Kula tunda zima, uache juisi. Vinywaji vitamu wakati tumbo ni tupu ndivyo vibaya kuliko vyote, na pombe iliyochanganywa na soda huzidi, kwani soda huita insulini huku pombe ikilizuia ini kutengeneza sukari.

Tembea dakika 10 hadi 15 mara tu baada ya kula. Mazoezi mazito saa 2 au 3 baada ya mlo yaache kwanza, maana ndio muda wako wa kushuka. Andika kwa wiki mbili: saa, ulichokula, dalili, namba. Usipoona uhusiano kati ya mlo na dalili, rudi na daftari hilo kwa daktari.

Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito miaka miwili iliyopita, utumbo ukaunganishwa upya. Sasa nikila wali nazimia.

Onana na daktari wiki hii, usisubiri. Chakula sasa kinamwagika kwenye utumbo mwembamba kwa haraka, homoni ya GLP-1 inapanda sana, na insulini inafuata. Kushuka huja saa 1 hadi 3 baada ya kula, na mara nyingi huanza mwaka au zaidi tangu upasuaji. Usichanganye kushuka huku na kichefuchefu, tumbo kusokota na kuhara ndani ya nusu saa ya kula. Hilo ni jambo jingine. Lishe ya gramu 30 za wanga kwa mlo, tuliyoitaja juu, ndiyo hatua ya kwanza. Isipotosha, daktari anaweza kukuandikia akabosi, dawa inayochelewesha kuvunjwa kwa wanga. Ukiwa unaitumia, sukari ya mezani haitakuokoa haraka, kwa kuwa dawa inazuia kuvunjwa kwake. Tembea na vidonge vya glukosi.

Mimi sukari inashuka alfajiri, kabla sijala kitu.

Basi hiyo si haipoglaisemia ya baada ya kula, hata kama uliandikiwa hivyo. Kushuka ukiwa na njaa au usiku kunadai uchunguzi wa hospitalini, pengine kufunga kula hadi saa 72 chini ya uangalizi, ili kupima insulini na kuondoa shaka ya uvimbe kwenye kongosho. Tezi zilizo juu ya figo na ini navyo vikaguliwe. Beba dawa zote unazotumia, za mitishamba pia, na kama kuna mtu nyumbani anayemeza vidonge vya kisukari, beba na pakiti yake mlinganishe na vyako.