Farasi 6.5 kwa altaneta ya kVA 5: je, niongeze resi?

SWALI: Nina injini ya petroli ya farasi 6.5, mizunguko 3,600 kwa dakika. Nimeifunga kwa mkanda kwenye altaneta ya kVA 5 ya mizunguko 1,500. Taa na friji zinakwenda, ila nikiwasha pampu ya maji injini inalemewa na taa zinafifia. Fundi anasema niongeze resi (kasi ya injini) au nibadilishe puli. Nifuate lipi?

JIBU: Usifuate hata moja. Puli hubadilisha kasi tu, nguvu haiongezi. Ya altaneta iwe na kipenyo mara mbili ya ile ya injini, injini ikae kwenye 3,000, basi. Farasi 6.5 ni karibu kilowati 4.8, tena za kilele. Ukiondoa kinacholiwa na mkanda na altaneta, na ukaacha nafasi injini ifanye kazi saa nyingi, unabaki na kilowati 2.5 hadi 3. Altaneta inaweza kubeba kilowati 4, lakini haiwezi kutoa isichopewa. Tafuta injini ya farasi 8 hadi 10, au uzime friji kabla ya kuwasha pampu, maana mota ikianza huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya kawaida yake.

Sasa hilo la resi. Kila siku nalikuta na linaniudhi. Mtu anaona volti 190, anakaza skrubu ya gavana (kidhibiti cha kasi ya injini) mpaka mita isome 230, anachukua hela yake na kuondoka. Kasi ndiyo inayopanga hezi, yaani idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde! Altaneta ya ncha 4 za sumaku, kama hiyo yako, ikizunguka mara 1,500 inatoa hezi 50. Ikizunguka 1,700 inatoa karibu 57. Pampu ya pangaboi ikikimbizwa hivyo inadai karibu nusu zaidi ya nguvu yake ya kawaida, kwa injini ambayo tayari imelemewa. Kasi ikishuka nako kuna hatari: AVR, yaani kifaa kinachosimamia volti, inaweza kuzidi kusukuma mkondo kwenye rota (sehemu ya altaneta inayozunguka) ili volti zisimame 230, hezi zikiwa 42. Rota inaungua, mota ya friji inachemka, na mita ya volti inaonyesha kila kitu shwari.

Volti zikiwa chini na hezi ziko sawa, kagua AVR na brashi. Gavana hurekebishwa kwa mita ya hezi: bila mzigo 52 hivi, mzigo ukijaa zishuke karibu na 50. Anayepima kwa kuangalia taa inavyong'aa asiguse skrubu hiyo.