Nani alisema hiki ni kitabu cha Biblia na kile sicho?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padri. Kazini nina rafiki mlokole. Anasema Biblia inajitosheleza, kila mwenye Roho Mtakatifu anaweza kuifasiri, na Kanisa Katoliki limejitwalia mamlaka juu yake. Nilikosa la kumjibu. Je, Kanisa liko juu ya Biblia?

JIBU: Milele amina. Haliko juu yake. Naanza na hilo kwa sababu Wakatoliki wengine tukibanwa kwenye ubishi hujibu kana kwamba liko. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Dei Verbum ya 1965, unafundisha kuwa Mamlaka Fundishi, yaani mamlaka ya Kanisa ya kufundisha, hayako juu ya Neno la Mungu, bali yanalitumikia.

Ila muulize rafiki yako, kwa upole: orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya iko kitabu gani, sura ya ngapi? Hataipata. Wakristo wa kale walisoma maandiko mengi ibadani. Kitabu kiitwacho Mchungaji wa Herma, ambacho leo hakimo katika Biblia, kilipendwa sehemu nyingi, huku Waebrania na Ufunuo vikitiliwa shaka na baadhi. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye 27 hivi hivi, bila pungufu wala ziada, imo katika barua ya Pasaka ya Athanasi, askofu wa Aleksandria, mwaka 367. Sinodi, yaani mikutano ya maaskofu, za Hippo, 393, na Karthago, 397, zikashika hiyo hiyo. Hawakuvifanya kuwa Neno la Mungu, walivitambua. Lakini kila rafiki yako anapofungua Waebrania, anategemea utambuzi wao, ajue asijue.

Kuhusu kufasiri, someni pamoja Matendo 8. Towashi Mwethiopia ana kitabu cha Isaya mkononi na anakiri hawezi kuelewa asipoongozwa. Roho Mtakatifu yupo hapo, tena ndiye anayemwambia Filipo alisogelee gari lake. Na sura ya 15, ulipozuka ubishi wa kutahiriwa, mitume na wazee walikaa Yerusalemu wakaamua, kisha wakaandika kwamba imempendeza Roho Mtakatifu “na sisi”. Hilo “na sisi” ndilo linalogomba na hoja ya rafiki yako.

Akigeukia vitabu vyetu saba, vile vya Agano la Kale ambavyo havimo katika Biblia za Kiprotestanti, usimfiche: Athanasi mwenyewe aliviweka Tobiti na Yudithi kando, visomwe na wanaoanza kujifunza imani. Karthago ikaviingiza, na Mtaguso wa Trento ukathibitisha mwaka 1546.

Halafu soma Biblia yako. Kwa hilo, nadhani anatushinda.