Mdoli Hajakauka Mpaka Mizani Iseme

Binti yangu ana sungura wa manyoya niliyemnunua mtumba wa Karume, sikio moja limelegea na mgongoni ana kiraka alichokuja nacho. Anamwita Babu. Mwaka wa tatu huu halali bila Babu. Babu ameshalowa maziwa, uji na machozi, na siku moja nilimkuta kwenye ndoo ya kudekia. Kwa hiyo asinifundishe mtu habari ya kufua midoli, nimeshaumbuka.

Niliumbuka mwezi wa nne, masika yamekolea. Nilimloweka usiku kucha kwenye beseni na unga wa sabuni, asubuhi nikamsuuza, nikamning'iniza barazani kwa masikio. Kesho yake jioni manyoya makavu, laini, nikamrudisha kitandani. Hazikupita siku nne chumba kikaanza kunuka kama gunia la mkaa lililonyeshewa. Nilipofumua mshono wa mgongoni nikakuta pamba ya katikati ingali mbichi, ina madoa meusi ya ukungu. Tunaiita pamba kwa mazoea tu, midoli mingi ya siku hizi imejazwa nyuzi za plastiki. Nyuzi zenyewe hazinywi maji, lakini maji yanajibana katikati yake, na hewa haifiki huko. Nilitupa yote, nikamjaza upya kwa pamba ya mto. Binti alilia akisema huyu siye, tumbo lake si lile.

Tangu hapo nina desturi moja ambayo majirani wanaicheka. Kabla sijamfua Babu, nampeleka dukani kwa Mangi apimwe. Mkavu ana gramu 310. Akitoka kwenye taulo, baada ya kukamuliwa, anafika 500 na ushee. Nikianua, narudi kwa Mangi. Mizani ikisoma 340, basi kuna maji ndani hata kama mkono unaniambia amekauka, na Babu anarudi kambani. Mkono unadanganya, kwa sababu unagusa ngozi tu.

Kufua kwenyewe hakuna maajabu. Mbonyeze kwanza tumbo na miguu. Ukikutana na kitu kigumu, huenda ni kile kidude cha kuimba chenye betri. Fumua, kitoe, utakirudisha baadaye. Macho na vifungo vivute kwa nguvu, kinacholegea kishone sasa hivi kabla mtoto hajakimeza. Mdoli aliyejazwa chengachenga au karatasi usimtose majini, mfute kwa kitambaa chenye povu, basi.

Wengine watie kwenye foronya, ufunge mdomo, kisha ukandamize taratibu kwenye maji vuguvugu. Sabuni kidogo! Povu likishaingia ndani kulitoa ni kazi, na sabuni iliyobaki ndiyo inayofanya manyoya yawe magumu na kunasa uchafu upesi. Usoni natumia mswaki wa zamani na sabuni ya mche, nikifuata manyoya yanakolalia. Nasuuza mpaka maji yatoke meupe. Kukamua kwa kusokota hapana, utampindisha shingo. Mviringishe ndani ya taulo kavu, halafu mwite mwenye mali aje alikalie taulo. Hapo ndipo binti yangu anapofurahi, na tangu aanze kushiriki ameacha kulia Babu akienda kuoga.

Kwa kukausha natumia ule wavu wa kuuzia vitunguu. Mdoli analala ndani, hewa inapita chini na juu, na hatundikwi masikio yakarefuka. Namgeuza kila nikipita, na akiwa nusu mkavu nachana manyoya yasigandamane. Wavu uning'inie juu, juani. Usimwanike kwenye majani wala kivulini karibu na ardhi, maana kuna yule nzi anayetaga kwenye nguo mbichi, na anayeivaa anatokwa na jipu lenye funza. Nguo tunaziokoa kwa pasi ya moto. Mdoli ukimpiga pasi manyoya yanayeyuka yakanata chumani. Niulize mimi nimejuaje.

Anza asubuhi, siku ambayo jua halina mzaha. Masika sifui kabisa, napangusa tu. Na kama mtoto ana mdoli mmoja asiyetengana naye, tafuta wa pili anayefanana naye mapema, kabla hajamkariri wa kwanza. Mimi nilichelewa.

Wenye mtoto wa pumu wana jambo jingine: vile vijidudu vya vumbi visivyoonekana kwa macho. Maji ya nyuzi 60 yanaviua, lakini midoli mingi haivumilii joto hilo. Mfunge mdoli kwenye mifuko miwili, mlaze kwenye friza siku nzima au zaidi. Baridi inaua vijidudu, ila kinyesi chake kinabaki, nacho ndicho kinachomsumbua mtoto, kwa hiyo akitoka huko bado anafuliwa. Mifuko miwili nasema kwa sababu. Friza yetu ina vibua, na Babu amewahi kutoka humo ananukia kama soko la samaki la Feri.

Jumamosi iliyopita alifika gramu 312. Mangi siku hizi akituona tunakuja anashusha maharage kwenye mizani kabla hatujasalimia.