Yule wa elfu tatu

Swali lenu la wiki hii mmeuliza mzazi aliyetangulia tunamuenzi vipi. Najua wengi watawaandikia picha ukutani, wengine hitma ya kila mwaka, na sisi hitma tunasoma na ubwabwa unaliwa, ila mi nikisema ukweli baba yangu namkuta kwenye daftari lake la madeni.

Mzee alikuwa fundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga. Ufundi aliuokotea ujanani kwenye karakana ya shamba la mkonge, enzi zile mkonge ndo dhahabu yetu, mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 na dunia nzima hakuna aliyetufikia, halafu zikaja kamba za plastiki bei ikaporomoka, mashamba yakaota majani, watu wakarudishwa majumbani, na yeye akashuka mjini na spana mbili na pampu. Bahati yake Tanga baiskeli ndo miguu, mji wenyewe tambarare.

Kazi yake naijua kwa macho tu. Tyubu inajazwa upepo inazamishwa kwenye karai la maji, panapotoa mapovu ndo penye kidonda, anapafuta, anakwangua na msasa, anapaka solusheni, halafu anakaa. Hapo kwenye kukaa ndo wengine wanaharibu, solusheni ikiwa bichi kiraka hakishiki, basi mteja mwenye haraka alikuwa anamwambia kanywe kahawa kwanza urudi. Mi nilijaribu kukaza spoki, rimu ikazidi kwenda upogo, akaninyang'anya spana akasema we kasome.

Siku tunamzika, kaka mkubwa akasimama makaburini akatangaza kama desturi, anayemdai marehemu aje aonane na familia. Akaja mmoja, muuza kahawa, shilingi 600. Tukamlipa palepale.

Kasheshe ikawa wanaodaiwa. Daftari lina mgongo ulioshonwa kwa waya wa breki, na ndani majina hamna (mzee majina hakuyaweza, hata sisi alikuwa anatuita wote kwa zamu mpaka ampate anayemtaka), kaandika watu anavyowaona yeye: "mama maandazi tairi ya nyuma 8000", "mrefu wa Sahare spoki 4", "mpwa wa shehe kiraka, atalipa akiuza samaki". Jumla laki nne na ushee. Kaka akataka tukakusanye, ana watoto wanasoma, simlaumu. Bi mkubwa akiwa eda, macho yamevimba kwa kulia, akauliza huyo mrefu wa Sahare mtamjuaje, mtasimama pwani mpime watu? Tukacheka ndani ya msiba, majirani wakatushangaa kweli.

Mwisho warithi wote tukasamehe, na kaka mwenyewe ndo akapeleka neno msikitini. Weee, kumbe ndo tumewaita! Mama maandazi akaja na elfu nane kafunga kwenye pindo la khanga, tukamwambia mama tumeshasamehe, akasema mi sikukopa kwenu. Akaziweka mkekani akaondoka. Mrefu wa Sahare alikuja jioni na kikapu cha changu, na kweli ni mrefu, aliinama mlangoni. Mpwa wa shehe bado anauza samaki.

Hata aliyesamehewa akija tu kutupa pole na kujitaja namfutia mstari wake, natumia penseli ileile ya mzee, kipande kimebaki kama kidole gumba. Sasa imebaki mistari michache na mmoja ndo unaninyima usingizi, umeandikwa "yule 3000". Basi, yule. Bi mkubwa hamjui, kaka hamjui, muuza kahawa aliyekaa naye miaka yote hamjui.

Juzi Barabara ya 12 mzee mmoja kashuka kwenye baiskeli, kaniuliza we si mtoto wa fundi, nikamwambia ndo mimi, akaniangalia weee, akasema haya, akapanda akaenda zake, gurudumu la nyuma linayumba.