Jibu: Upinde unaovutika laini kwa binti wa miaka 11

Baba Chebet, umeuliza upinde wa kuwindia unaovutika laini, utakaomfaa binti yako hapo Nakuru hata akirefuka. Kuwinda tukuweke kando, maana Kenya ilikupiga marufuku mwaka 1977. Mfunze kulenga shabaha, raha iko tele.

Mimi ningemchukulia kompaundi, ule upinde wa magurudumu, unaorekebishika urefu wa mvuto (umbali kutoka mshikio hadi uzi uliovutwa mpaka mwisho) na uzito (nguvu ya kuuvuta uzi). Upinde wa kawaida huzidi kuwa mzito kadiri unavyovuta, mtoto akaishia kutetemeka. Kompaundi magurudumu yakishazunguka, uzito hushuka zaidi ya nusu, akatulia na kulenga. Ila si magurudumu yote ni mapole! Yaliyoundwa kwa ajili ya kasi huvuta kwa ukali kisha huachia ghafla. Mwache aujaribu mwenyewe kabla hujatoa pesa.

Urefu wa mvuto: anyooshe mikono pembeni, pima ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, gawanya kwa 2.5. Akitoa sentimita 140, mvuto wake ni 56 hivi. Pima tena kila shule zikifungwa.

Uzito ndio wazazi wengi hukosea, wananunua mzito ati atakua. Tafadhali usifanye hivyo, mabega yake bado ni machanga. Anza na ratili 15. Akae kwenye kiti, aelekeze upinde kwenye shabaha, avute polepole. Akilazimika kuuinua juu ndipo avute, punguza.

Na asiachie uzi kamwe bila mshale, upinde unaweza kupasuka mkononi.