Jibu: hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) ya sabuni ya kuondoa grisi imekataliwa Marekani, nikate rufaa?

Ndugu wa Mwanjelwa, nimekuelewa: mkaguzi wa ofisi ya hataza amesema kuchanganya salfoniki asidi na sitriki asidi ili kuondoa grisi ni jambo la wazi kwa fundi wa fani hiyo, yaani si uvumbuzi wa kupewa hataza. Usikimbilie rufaa. Tangu shauri la Kerkhoven la 1980 katika mahakama ya Marekani, kuchanganya visafishaji viwili vinavyojulikana kwa kazi ileile huhesabiwa jambo la wazi, mpaka uonyeshe matokeo yasiyotarajiwa.

Hapo ndipo wengi hukwama. Hujilinganisha na sabuni ya dukani badala ya mchanganyiko ulio karibu zaidi katika nyaraka alizotaja mkaguzi. Tumia kitambaa kilekile, grisi ileile, maji yaleyale, joto lilelile. Badilisha kitu kimoja tu. Na kama ombi lako linadai sitriki asilimia 1 hadi 30, kipimo cha asilimia 5 peke yake hakitoshi. Pima 1, 15 na 30, kisha nje kidogo ya mipaka hiyo.

Matokeo yaingie kwa tamko la maandishi lililosainiwa, kabla ya notisi ya rufaa. Bodi inayosikiliza rufaa huamua kwa yaliyomo kwenye jalada. Ushahidi wa baadaye hupokelewa kwa nadra sana. Usiongeze kiambato kipya kwenye maelezo ya awali ya ombi lako, hairuhusiwi. Mpe kazi hii wakala wa hataza aliyesajiliwa Marekani mapema, muda wa kujibu ukipita ombi huhesabiwa limetelekezwa.