Mchezo Uupendao, Jukwaa Lililo Ugenini

Siku chache kabla ya kwenda ukumbini, acha kabisa kusikiliza nyimbo za mchezo unaokwenda kuutazama. Najua ni ushauri mgumu. Mimi niliijua Les Misérables, mchezo wa kuimba uliotokana na riwaya ya Victor Hugo, kwa masikio tu tangu ujanani, kupitia rekodi ya waigizaji wa kwanza wa London, wale wa mwaka 1985, na niliizoea hadi nikajua Colm Wilkinson anavuta pumzi wapi katika ile sala ya Valjean, mfungwa wa zamani ambaye ndiye mhusika mkuu. Mapenzi ya namna hiyo ni matamu, lakini yanakufanya uingie ukumbini na hakimu kichwani. Kila mwimbaji anayesimama mbele yako anapimwa kwa mtu aliyeimba miaka 40 iliyopita, na hapo hamsikii aliye hai mbele yenu, wewe na hakimu wako. Masikio yakipumzika, unasikia upya.

Jambo la pili ni kuchunguza mapema ni mchezo upi hasa utakaouona. Jina ni lilelile, ila uongozaji hubadilika. Les Misérables ilianza London katika ukumbi wa Barbican, na kwa miongo kadhaa sifa yake kubwa ilikuwa jukwaa linalozunguka. Mwaka 2019 ukumbi ilimokuwa ikichezwa, Queen's, ulifungwa kwa ukarabati, ukafunguliwa tena kwa jina la Sondheim, kwa heshima ya mtunzi Stephen Sondheim. Jukwaa la kuzunguka halikurudi. Badala yake, nyuma ya waigizaji zinamulikwa picha kubwa zilizochochewa na michoro ya Victor Hugo mwenyewe, kwani mwandishi yule alikuwa pia mchoraji. Wapenzi wengi wa zamani walisikitika. Kwa maoni yangu, Valjean anapombeba Marius, kijana muasi aliyejeruhiwa, ndani ya mitaro ya maji machafu, zile picha zinazosogea zina nguvu ya ajabu. Lakini aliyesafiri mbali akitarajia kuona jukwaa likizunguka ataumia bure, kwa hiyo ni bora ajue kabla.

Kuhusu tiketi, nunua kwenye tovuti ya ukumbi wenyewe, na ununue kabla hujasafiri. Pale Leicester Square, katikati ya London, kuna kibanda cha TKTS kinachouza tiketi za punguzo za michezo mbalimbali, nacho kinamfaa mtu anayetaka kuona mchezo wowote mzuri. Wewe unautaka mmoja. Usiubahatishe.

Kiti kifikirie kwa makini kuliko bei. Kumbi za London ni kongwe. Huo wa Sondheim ulifunguliwa mwaka 1907. Ghorofa ya juu hujitokeza mbele, hivyo anayeketi nyuma kabisa chini yake huwa amekatiwa sehemu ya juu ya jukwaa. Katika mchezo wenye kizuizi cha mitaani ambacho watu hukipanda kwa silaha na bendera, hiyo ni hasara kubwa. Mimi nilichagua safu za mbele za ghorofa ya kwanza, na ningechagua hapohapo tena: nyuso unaziona, na picha nzima unaiona.

Sababu ya kung'ang'ania picha nzima ni ule wimbo unaofunga sehemu ya kwanza. Kwenye rekodi ni sauti nyingi zinazopandana, na hata mimi niliyeujua vizuri nilikuwa nafuata moja na kupoteza nyingine. Ukumbini macho yanayasaidia masikio. Valjean yuko pale akijiandaa kukimbia, Marius na Cosette, binti aliyelelewa na Valjean, wanaagana, Éponine anayempenda Marius bila kupendwa kasimama peke yake na maumivu yake, Javert, polisi anayemsaka Valjean, anapanga mtego, wanafunzi waasi wanapiga hatua huku bendera nyekundu ikipepea. Kila mmoja ana lahani yake, na unaona kwa nini kila mmoja anaimba. Nililia, wala sikujificha. Na okestra ilikuwa hai, chini ya jukwaa, ngoma zake zikiingia kifuani.

Kitu kingine kisichokaa kwenye rekodi ni kimya. Kizuizi kikishaanguka, ukumbi mzima ulitulia kiasi kwamba nilimsikia jirani yangu akipumua.

Michezo ya London kwa kawaida huchezwa mara nane kwa wiki, na nyota hachezi kila mara. Usiku niliokwenda, Javert alichezwa na mwigizaji wa akiba, na alikuwa mkali, mwenye sauti nzito iliyojaa imani ya mtu anayedhani Mungu yuko upande wake. Usikunje uso ukiona tangazo la namna hiyo mlangoni. Watu hao hujifunza nafasi nzima wakingoja usiku wao, na mara nyingi huucheza kwa moyo wao wote.

Usiende siku uliyotua. Onyesho pamoja na mapumziko huchukua muda wa karibu saa tatu, na usingizi wa safari hauna huruma. Fika mapema pia, maana anayechelewa huzuiwa mlangoni mpaka wakati unaofaa, na tukio la wafungwa mwanzoni ndilo linalobeba hadithi yote. Ukiongozana na mtu asiyeujua mchezo, mweleze njiani kwamba uasi atakaouona ni ule wa Paris wa Juni 1832, si mapinduzi ya 1789. Wengi huchanganya, kisha hutumia nusu ya mchezo wakimsubiri mfalme akatwe kichwa.

Simu izime. Picha haziruhusiwi wakati wa onyesho, na hata zingeruhusiwa ningekusihi usipige. Badala yake nunua kitabu cha programu kabla ya kuingia, kina majina ya waigizaji.

Na kama ratiba inakubali, acha jioni moja wazi baada ya hiyo. Usiku wa kwanza utakuwa ukikutana na nyimbo unazozijua. Ukirudi, keti mahali pengine, umtazame tu yule asiyeimba.